Kulisha Maji Matupu

Mzee Bartolomeo alikuwa ameshalipita kanisa, begi begani na fimbo mkononi, wakati binti yake Prisca alipoinua macho kutoka kwenye cherehani na kuona kiti cha mzee kitupu.

Prisca hakuhitaji kuuliza. Mzee alikuwa anaelekea stendi. Alikuwa anarudi kwake Usangu, huko ndani mbele ya Chimala, kwenye ng'ombe wake, na kidonda kibichi mguuni.

Kidonda hicho ndicho kilichomleta Iringa. Mzee ana kisukari. Msumari ulimchoma unyayoni, akauchukulia mzaha, mguu ukaanza kuoza. Muuguzi wa zahanati ya hapa Kihesa alimwambia Prisca bila kuzunguka: kidonda kisafishwe na kufungwa kila baada ya siku moja, kwa miezi miwili, na mguu upumzike. Akienda kuchunga, atarudi kukatwa.

Lakini mzee hajazoea kukaa. Ni Msukuma, alizaliwa Shinyanga, akaswaga ng'ombe mpaka Usangu akiwa kijana, akavua kambale kwenye madimbwi ya huko. Leo ashinde sebuleni kusikiliza cherehani? Mkwe wake Obeid, mume wa Prisca na dereva wa lori la mbao za Mafinga, ndiye aliyepata wazo. Alipopeleka mbao Mbeya alirudi na tangi la vioo, pampu yake yenye sponji ya kuchuja maji, na samaki watatu wekundu wa mapambo. Angalau mzee apate cha kutazama.

Samaki wakafa siku ya nne. Prisca akamwaga maji yote, akasugua tangi na sponji kwa sabuni ya unga, akajaza maji mapya ya bomba. Obeid akaleta wengine wanne. Nao wakafa kabla ya Jumapili. Prisca akasugua zaidi. Asubuhi ile mzee alikuwa amemwambia, "Nyumba ambayo hata samaki hawakai, mimi nikae?" Prisca akadhani ni utani.

Sasa alitoka mbio, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alimkuta baba yake kabla ya barabara kubwa, amesimama na Bupe. Huyu Bupe ni jirani yao, binti wa Tukuyu, anafanya kazi kwenye shamba la kuzalisha vifaranga vya samaki. Alikuwa anatoka zamu.

Mzee alikuwa anamweleza kwamba samaki wa dukani ni wa uongo. Bupe akamjibu kwamba samaki walikuwa wazima kabisa, ila walihamishiwa kwenye nyumba isiyo na choo.

"Choo gani?" mzee akauliza.

"Babu, samaki anakula, anajisaidia, na maji yale yale ndiyo anayopumua. Ule uchafu unatoa sumu. Inaitwa amonia. Kwenye bwawa kuna vijidudu vinavyoila hiyo sumu. Kwenye tangi jipya havipo bado. Na vikianza kuota, dada Prisca anavisugua na sabuni."

Prisca aliona aibu. Maisha yake yote alijua uchafu wa aina moja tu, ule unaoonekana.

Bupe akasema vijidudu hivyo vinaweza kuoteshwa kwanza, kwa kutia chakula kwenye maji kila siku, kabla ya kuleta samaki, ili asife yeyote. Lakini inachukua wiki sita, na kwa baridi hii labda zaidi. "Tena inataka mtu anayeshinda nyumbani," akaongeza. "Dada ana nguo za watu. Mimi nina zamu."

Mzee akatua begi chini.

"Wiki sita nalisha maji matupu," akasema. "Nyie watu wa Tukuyu mmeshiba ndizi mpaka mnatafuta wa kumchezea."

"Ndiyo, babu. Na tumempata Msukuma."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akasema sawa, atakaa mpaka samaki waingie. Wakishaingia, mtu asilishike begi lake.

Kazi ikaanza. Tangi na sponji vilisuuzwa kwa maji matupu mara nyingi, mpaka harufu ya sabuni ikaisha. Wakaliweka kwenye ukuta unaopakana na jiko, kwa sababu vijidudu hukua haraka penye joto. Wakajaza maji ya bomba, wakaacha pampu ivume siku mbili, ili dawa ya kusafishia maji itoke. Dawa hiyo huua vijidudu vizuri na vibaya. Halafu Bupe akaleta kipande cha sponji cheusi kutoka tangi la zamani la kazini kwake, tangi lenye samaki wasio na ugonjwa. Alikileta kikiwa kimelowa. Akakibananisha na sponji ya pampu. "Hii ndiyo mbegu," akasema. "Pampu isizimwe. Vijidudu vinahitaji hewa kama sisi."

Kila asubuhi mzee alitia kwenye maji chembe chache za chakula cha samaki. Chakula kikaoza, kikatoa amonia, na amonia ndiyo chakula cha vijidudu. Kila siku ya kufungwa kidonda, akirudi kutoka zahanati, alipima maji. Bupe alimfundisha: maji kidogo kwenye kichupa, matone ya dawa ya kupimia, subiri dakika tano, tazama rangi. Kichupa cha amonia kikiwa kijani, sumu ipo. Kikiwa cha njano, haipo. Kichupa cha pili hupima sumu nyingine, nitriti. Kikiwa zambarau, ipo. Kikiwa buluu nyepesi, haipo.

Mzee hakusoma sana. Alichora rangi ukutani kwa chaki za kushonea za Prisca. Wiki mbili za kwanza ukuta ulikuwa kijani. Wiki ya tatu kijani ikafifia na zambarau ikatokea. Mzee akaudhika, akasema wamefukuza fisi wameleta chui. Bupe akamwambia ndivyo inavyotakiwa: kundi la kwanza la vijidudu limekula amonia, likatoa nitriti. Sasa wasubiri kundi la pili, litakalogeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ikiwa kidogo haiui, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Shida ilikuja wiki hiyo hiyo. Jumamosi ilikuwa zamu ya Prisca kupokea jumuiya ya kanisa nyumbani. Wamama kumi na tano waje kusali, na sebuleni kuna tangi la maji meupe kama yameoshewa mchele, yananuka, halina samaki hata mmoja. Ijumaa akaja na ndoo na sabuni. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

Mzee akasogeza kiti chake mpaka mbele ya tangi, akakaa, akalaza fimbo magotini.

"Prisca," akasema, "ukimwaga haya maji, nami naondoka."

Prisca alimtazama. Akautazama ule mguu, bendeji yake safi, umenyooshwa juu ya kigoda kama muuguzi alivyoagiza. Akarudisha ndoo jikoni.

Wamama walikuja, wakasali, wakanywa chai. Mmoja, Mama Goodness, akashindwa kujizuia, akauliza samaki wako wapi.

"Bado hawajaja," mzee akamjibu. "Tunawajengea choo."

Jumuiya nzima ikacheka, Prisca naye akacheka, na habari ya harufu ikaishia hapo.

Wiki ya saba kichupa cha kwanza kilitoa njano na cha pili buluu nyepesi. Bupe akataka uhakika. Mzee akatia chakula kama kawaida, kesho yake akapima tena: njano na buluu. Wakabadilisha sehemu kubwa ya maji kwa maji yaliyolala siku mbili ndooni. Sponji hawakuigusa. Obeid akaleta samaki watatu tu. Bupe alisema vijidudu visishtukizwe na uchafu mwingi kwa mara moja. Wengine wawili waje baada ya wiki mbili.

Siku samaki walipoingia, Prisca mwenyewe alilitoa begi la baba yake, akaliweka mlangoni. Ahadi ni ahadi. Kidonda kilikuwa kimebaki kama punje ya harage.

Mzee alilitazama lile begi. Akauliza, sasa hao wawili wa mwisho watapokelewa na nani?

Alikaa wiki mbili hizo, na moja zaidi. Kidonda kilifunga. Mwezi wa tisa alirudi Usangu na miguu yake yote miwili, na sasa havui viatu anapochunga. Bupe alihamia shamba jingine, Mbeya. Obeid bado anabeba mbao. Prisca bado anashona. Kila Jumamosi hutoa robo ya maji ya tangi, anasuuza sponji humo humo kwenye maji aliyotoa, kisha anamwagilia mboga. Samaki wanne wako hai. Wa tano aliruka nje mfuniko ulipoachwa wazi. Alama za chaki hazijafutwa ukutani.