Mlango Ulioahidiwa Kubaki Wazi

Harufu ndiyo iliyoanza. Kiangazi kikali, Kigali nzima vumbi, halafu ndani ya kanisa kuu la zamani kunanuka udongo mbichi wa kaburi. Winifred, msanifu majengo aliyesimamia ukarabati, alifuata pua yake hadi ubavuni mwa kanisa. Palipokuwa na mlango mdogo akakuta ukuta mpya, saruji hata haijakauka.

"Arthur! Nani kaziba hapa?"

Arthur, mumewe, ndiye alikuwa mkandarasi. "Tulia basi. Kwaya inataka chumba cha mitambo ya sauti. Wewe ulikuwa mkutanoni Kimihurura, ningekungoja mpaka lini?"

"Niliapa, Arthur!"

Na kweli aliapa. Ukoo wa bibi kizee Mukashema ndio uliowapa mapadri wa kwanza kilima kile, kwa sharti moja: mlango ule usifungwe kamwe, maana ndiyo njia ya wafu wao kushukia bondeni. Ukarabati ulipokuja, Winifred alikunywa na Mukashema pombe ya mtama kwa mrija mmoja. Kwao hiyo ni igihango, agano lisilochezewa. Badilisheni paa, badilisheni sakafu, wekeni hata lifti, ila mlango uacheni. Na Arthur alikuwa amekaa palepale akipiga makofi, mnafiki mkubwa!

"Nitaubomoa kesho, mpenzi," alisema. Kesho yake akaupaka rangi.

Jumapili mchana, wakila nyumbani kwao Ndera, kifua cha Winifred kiligongwa kutoka ndani, taratibu, kwa adabu ya mgeni, kisha baridi ikampanda kooni, kinywa kikafunguka chenyewe kikakataa kufungika, ikatoka ile harufu ya udongo, na nyayo zikasikika zikishuka kutoka pale alipokaa hadi uani, nyayo nzito za mtu asiyeonekana, nyuma yake za mtoto, nyuma yake za mtu anayeburuta mguu, huku mbwa wa jirani akilia mpaka sauti ikamkauka.

"Wanapita kwangu," alinong'ona alipoweza. "Arthur, wanapita ndani yangu."

Walipita kila siku, na kila siku alizidi kukonda. Mwishowe Mukashema akaitwa. Alimkalisha Winifred mbele ya ule ukuta, akamshika mikono.

"Hawakuchukii, mwana wangu. Wanatafuta njia tu. Wewe ndiyo uliapa, basi wanapita kwako." Akashusha sauti. "Mwenye alifunga aseme hapa, kwa kinywa yake, 'ni mimi'. Halafu abomoe. Watakuacha."

"Na yeye watamfanya nini?" Arthur aliuliza.

"Hiyo mimi sijui."

Winifred alimgeukia mumewe. Wala hakumsihi. Alikuwa na hakika, maskini, na hapo ndipo roho inaponiuma. Akamngoja aseme.

Arthur alilamba midomo. "Ni yeye," alisema. "Msanifu ndiye anayetoa amri. Mimi nafuata tu."

"Arthur wee," Winifred alisema polepole. "Mimi?"

Kinywa chake kilifunguka, taya likashuka kupita pale taya la mtu linapofika, na ndani yake zikaja sauti nyingi pamoja, za wazee, za wanawake, za watoto, zote za upole.

"Asante, Arthur. Mlango huu ni mpana kuliko ule."