Mkono Uliompepea Mama

Wanaosema majini hutoka usiku hawajawahi kupanga chumba ghorofa ya tatu, saa saba mchana, umeme umekatika, jua limekaa juu ya paa kama mwenye nyumba. Fundi alikaa humo siku mbili. Zilimtosha.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miaka arobaini, kitinda mimba wa mama yake, na mjini alikwenda kwa kusukumwa. Siku zote dada yake mkubwa ndiye aliyemtunza mama: kumkata kucha, kumsindikiza msalani, kumsikiliza akirudia hadithi ileile. Safari hii dada alivunjika mguu, akapiga simu.

"Siku mbili tu, mdogo wangu. Afanyiwe jicho, afunguliwe bandeji, mrudi. Hata wewe hilo haliwezi kukushinda."

Fundi hakukasirika. Tangu mkewe aondoke, miaka miwili sasa, hakuna kilichomkasirisha wala kumfurahisha. Moyo wake uliota sugu kama viganja vyake.

Jicho la kushoto la mama lilikufa zamani. La kulia lilifanyiwa upasuaji Jumatatu asubuhi, likafungwa mpaka Jumatano, kwa hiyo siku mbili hizo mama alikuwa gizani kabisa, amelala nyumba ya wageni akitiririka jasho. Mji mzima ulikuwa unaungua. Lami ililainika ikawa inashika viatu, na mbwa walilala chini ya magari hata hawabweki.

Mchana wa Jumatatu hiyo umeme ulikatika, feni ya darini ikasimama. Fundi akamwambia mama anakwenda kununua maji. Akaingia supamaketi yenye jenereta na kiyoyozi, akaizunguka rafu ya sabuni mara nane, akasoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti, akatoka baada ya saa mbili na chupa moja. Hakuona haya. Hakuona chochote.

Aliporudi alimkuta mama mkavu. Paji la uso halina hata tone la jasho, mto umekauka. Chumba kilinukia udongo uliolowa mvua, na mvua ilikuwa na miezi mitano haijanyesha.

"Mbona umeacha?" mama aliuliza.

"Nimeacha nini?"

"Kunipepea. Tangu umeme uondoke mkono wako haujapumzika. Nikajisemea, kumbe huyu mtoto ananipenda, mimi namsingizia tu."

Hapo ilitosha kusema, mama, ndiyo kwanza naingia. Lakini kueleza kulikuwa kazi, na sifa ya bure nani anaikataa? Juu ya stuli kando ya kitanda palikuwa na kipande cha boksi. Fundi alikiokota.

"Mkono ulichoka," alisema. "Naendelea."

Mama akainua viganja vyake vilivyokunjamana. "Basi wewe uliyenipepea nimekupa radhi zangu zote. Uwe mwanangu hapa na huko niendako."

"Amina," Fundi alisema.

"Amina," mtu mwingine aliitikia taratibu, upande wa dirisha. Fundi aliona ni wapangaji wa chumba cha pili. Kuta zilikuwa nyembamba.

Jumanne, saa ileile, umeme ulikatika tena. Fundi alikuwa ametoka kuoga bafu la mwisho wa ukumbi, taulo shingoni, na alipousukuma mlango harufu ya udongo ule ikampiga usoni, akasimama palepale kizingitini, kwa sababu kipande cha boksi kilikuwa kinapepea chenyewe hewani, fap, fap, polepole kama mkono wa mtu asiyejua kuchoka, na khanga ya mama inainuka na kushuka, na mama mwenyewe amenyoosha mkono anapapasa kitu kisichokuwapo, anakizungushia kiganja kama mtu anayepapasa kichwa cha mwanawe, huku akisema, "Viganja vyako vimelainika, mwanangu, umeacha ile kazi ya moto?" na sauti ya Fundi, sauti yake hasa, ila yenye upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao, ikajibu kutoka pale penye utupu, "Nimeacha, mama. Nimekuja kukutunza."

Alishuka ngazi bila kuhesabu. Chini alimkuta mama mfagiaji wa nyumba ile anakamua tambara la kudekia. Mfagiaji alimtazama mara moja tu.

"Chumba namba kumi na nne," alisema kwa kunong'ona. "Nimewaambia wasikipangishe siku za joto, hawasikii."

"Ni nini kile?"

"Kimekuwepo kabla yangu. Hakimdhuru mgonjwa. Kinapenda kupendwa, basi. Mgonjwa akishukuru, aliye naye husema si mimi, nacho huondoka. Wewe ulisemaje?"

Fundi aliivuta taulo shingoni.

"Kaka. Ulisema ni wewe?"

"Nilisema."

Tambara lilimponyoka. "Basi umekipa nafasi yako. Mwambie mama ukweli kabla jicho halijafunguliwa. Mwambie ulikuwa wapi. Likifunguka naye bado anaamini, utakuwa na mama na huna mama."

Mchana wote ulikuwa wake, na jioni pia. Alipanda, akakaa kando ya kitanda, akafungua kinywa. Mama akamtangulia: "Dada yako nitamwambia. Siku zote anasema wewe ni jiwe." Ukweli ukarudi tumboni. Akajiambia, akishakula. Alipokula akajiambia, ngoja apumzike. Kuogopa aliogopa, lakini aibu ilikuwa nzito kuliko woga, na kesho ilionekana mbali.

Jumatano asubuhi, kwenye benchi la kliniki, alimshika mama mkono. Mama aliugusagusa ule ugumu, akaurudisha taratibu pajani kwa mwenyewe.

"Mama, juzi sikuwepo chumbani. Sikukupepea mimi. Nilikukimbia na joto lako, nikaenda kukaa supamaketi. Nisamehe."

Mama alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye adabu zake kwa mgeni.

"Najua," alisema. "Mwanangu ameshaniambia utasema hivyo."

Daktari aliondoa bandeji. Mama alipepesa jicho, akamwona daktari, akaisoma saa ya ukutani bila kukosea hata dakika.

"Na mwanao unamwona?" daktari aliuliza kwa furaha.

Mama akapitisha jicho usoni kwa Fundi, bila kusimama, mpaka kwenye kona tupu iliyokuwa nyuma yake. Uso wote ukamchanua. "Namwona. Kumbe amenenepa." Kisha akakumbuka fadhila. "Na huyu aliyenibebea mfuko, Mungu amlipe."

Ndipo ile ganzi ya miaka miwili ilipomtoka Fundi, yote kwa mkupuo, na akaumia. Alimpenda mama yake. Alimpenda sana, na alilijua hilo pale kwenye korido ya kliniki, akimtazama anatembea mbele, mkono mmoja ameukunja kama aliyeshikwa kiwiko, hajikwai, anacheka, anasimulia ile hadithi yake ya siku zote kwa mtu anayeisikiliza.

Teksi ilikuwa inangoja juani. Fundi alimfungulia mama mlango wa nyuma, akamsaidia kuketi, akainama ili aingie akae naye. Mama alinyoosha mkono kumzuia, kwa upole.

"Kaa mbele, baba," alisema. "Huku nyuma nimekaa na mwanangu."