Mbuzi wa Matanga

Ndugu zangu wa milimani na wa mjini, mkisikia watu wakilalamika kwamba siku hizi kila jambo dogo linakimbizwa mahakamani, msidhani ni mambo ya leo. Ugonjwa huo uliingia huku kwetu zamani, wakati wa Mdachi, na nyumba moja karibu na Matombo ilibaki kidogo tu iangamie kwa ajili yake. Nitawasimulia ilivyokuwa. Mkicheka sitawakataza, kwa sababu hata mimi nacheka kila ninapoikumbuka, ila mwishoni nina neno langu, na hilo mnisikilize.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mikidadi na mkewe Mwaisha. Walikaa mteremkoni, nyuma yao migomba, mbele yao matuta ya maharage yanayoshuka mpaka kijitoni. Asubuhi ukungu ulipoanza kupanda mlima ungewakuta wote wawili wameshika majembe, na binti yao Shamsia akichochea moto wa uji. Hawakuwa matajiri, lakini hakuna aliyelala na njaa pale, na Shamsia alikwisha poswa na kijana wa watu wema.

Jioni alipita Andrea. Huyu alikuwa Mkristo wa upande wa misheni, na koo zao mbili zilikuwa na utani tangu enzi za mababu. Kwa wewe ambaye hukulelewa kwetu, mtani ni mtu anayeweza kukutukana mbele ya wakwe zako na kuchukua kitu chako huku unamtazama, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Utakikomboa kitu chako kwa kuku au mkungu wa ndizi, mtacheka, basi. Lakini ukifiwa, mtani huyohuyo ndiye anayekuja na jembe kukuchimbia kaburi. Mikidadi na Andrea walitukanana kila jioni kwa bidii, mpaka Mwaisha alikuwa akishika mbavu na kuwaomba wanyamaze apate kupika.

Sasa, reli ilipofika Morogoro, mambo ya sheria nayo yakabadilika. Zamani ugomvi wa shamba ulimalizwa na wazee wa ukoo, polepole, kwa maneno mengi na pombe au kahawa. Sasa palikuwa na akida aliyesikiliza mashauri madogo, na juu yake, kule Boma mjini Morogoro, alikuwapo bwana shauri wa Kijerumani mwenye meza kubwa na askari mlangoni. Ikatokea mbuzi wa jirani mmoja, Salehe, wakala maharage ya Mikidadi, na Salehe akakana. Mikidadi akapeleka shauri lake mpaka Boma, akashinda, akarudi milimani anavuta kamba yenye mbuzi jike mweusi, fidia yake halali. Hapo simlaumu. Alidhulumiwa, akadai haki, akapewa.

Tatizo ni kwamba alionja. Kule Boma alipokuwa akizungumza askari walisimama wima, watu wote walinyamaza, na bwana mkubwa alimtazama usoni. Nyumbani kwake alipozungumza, Mwaisha alikuwa akipepeta mchele na Shamsia akimwita kuku. Mikidadi aliukumbuka ule ukimya, na akautamani tena.

Basi akaanza. Alimshitaki mtu kwa akida kwa sababu alimpita njiani bila kumwamkia. Alishitaki jogoo wa jirani kwa kuwika mapema mno. Alishitaki wanawake waliokuwa wakifua kijitoni kwa sababu walicheka alipopita, na walipoulizwa walikuwa wakicheka nini, walicheka tena. Akida alimfukuza mara nyingi, naye alirudi mara nyingi zaidi, amevaa kanzu yake safi na fimbo mkononi. Wakati huo Mwaisha alilima peke yake. Nguruwe mwitu waliingia shambani wakala mahindi yote ya upande wa chini, maana mwenye kulinda alikuwa barazani kwa akida. Kisha wazazi wa yule kijana wakatuma mtu kusema kwa heshima kwamba posa ya Shamsia wangeomba isubiri. Nani anataka baba mkwe atakayemshitaki kwa kukohoa? Shamsia alilia siku hiyo, na baba yake hakumwona, kwa sababu hakuwapo.

Katikati ya hayo, mama yake Mikidadi, Bi Pili, akafariki. Andrea alikuwa wa kwanza kufika, akachimba kaburi tangu alfajiri bila mzaha hata mmoja. Ilipofika siku ya kumaliza matanga, ndipo alipofanya kazi ya pili ya mtani. Akatokea uani amejifunga kanga ya marehemu, ameshika bakora yake, anakohoa kama yeye na kuwagombeza wakwe zake wote kwa majina. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na yale machozi mengine, ya msiba, yakapata kukauka. Hata Mikidadi alitabasamu.

Kisha Andrea akaenda kwenye kigingi, akamfungua yule mbuzi mweusi, akaondoka naye akiimba kwamba huyu ni mbuzi wa Boma na anakwenda kusikilizwa shauri lake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wakamgeukia Mikidadi wakimngojea alete kuku wa kumkomboa mbuzi wake. Lakini Mikidadi hakusikia utani. Alisikia watu wanaucheka ushindi wake. Aliingia ndani, akavaa kanzu, akachukua fimbo, na akashika njia ya kwa akida kushitaki wizi.

Hapa ndipo kosa likazaa kosa. Akida alimwita Andrea na kumwuliza mbele ya watu kama ni kweli amechukua mbuzi. Kwetu mtani akiulizwa swali hilo hajitetei, hujisifu, na Andrea akajisifu kwa moyo wake wote.

"Nimemwiba," alisema. "Nyumba ile tunaiiba tangu babu yangu. Na huyu Mikidadi mwenyewe akilala mlango wazi nitamwiba, ingawa sijui nitamlisha nini."

Watu walicheka. Akida hakucheka. Alikuwa mtu wa pwani na utani aliujua, lakini amri ya Boma ilisema kwamba mwizi wa mifugo aliyekiri mbele ya mashahidi apelekwe huko mara moja, na hakuwa tayari kupoteza cheo chake kwa ajili ya mzaha wa watu wengine. Akamwita askari. Andrea akafungwa mikono kwa kamba, na mbuzi naye akafungwa kamba, akawa ushahidi.

Wakaanza safari ya kwenda mjini: askari, Andrea, mbuzi, Mikidadi nyuma yao, na nyuma kabisa wanawake wawili wenye vikapu vya chakula, Mwaisha na Anastasia mke wa Andrea. Mwanzoni Andrea alitania njia nzima. Alimwambia askari amfunge mbuzi kwa nguvu zaidi kwa sababu ndiye mwenye akili. Lakini yule askari, Mnyamwezi wa makamo asiye na ubaya, akaona vyema amweleze yanayomngoja. Wizi wa mifugo ni kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, na baada ya muda hamsa ishirini nyingine, kisha mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wa barabara. Wengine hutoka salama, alisema, na wengine hawatoki. Andrea akanyamaza, na safari iliyobaki ikawa ya kusikia nyayo tu.

Walipofika kwenye mto wakapumzika. Mwaisha akaja akakaa karibu na mumewe.

"Baba Shamsia," alisema, "mama yako alichimbiwa kaburi na nani?"

"Na Andrea."

"Na wewe ukifa?"

Mikidadi aligeuza uso. Alitazama maji. Naye hakuwa mjinga, alijua jambo jingine ambalo Mwaisha hakulijua: mtu anayepeleka mashitaka ya uongo Boma huadhibiwa yeye. Alimwona mmoja kwa macho yake akiadhibiwa, na siku ile alipiga makofi. Akishikilia neno lake, Andrea atapigwa kiboko. Akilirudisha, mnyororo utakuwa wake. Ndugu zangu, aliogopa, na mimi ningeogopa.

Boma walikuta watu wengi. Mbuzi alifungwa nje kwenye nguzo. Bwana shauri, aliyesema Kiswahili kizuri lakini kwa ukali, alimwuliza Andrea kama ameiba. Safari hii Andrea hakujisifu. Alieleza taratibu kwamba yeye ni mtani wa nyumba ile na kwamba ilikuwa desturi ya kumaliza matanga. Bwana shauri akasema kwa akida alikiri mbele ya watu kwamba ameiba, na mtu hawezi kuwa mwizi Matombo na mtani Morogoro. Akageukia mlalamikaji ili amalize.

Ukimya ule alioupenda Mikidadi ukatanda. Askari walisimama wima. Wote walimtazama.

"Bwana, hakuiba," alisema Mikidadi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua tangu siku ile kwamba hakuiba. Nilikasirika kwa sababu watu walicheka."

Bwana shauri alichovya kalamu. Kisha akauliza atajuaje kama jamaa za mshitakiwa hawakumtisha njiani ili aseme hivyo. Mikidadi akamgeukia Mwaisha, na Mwaisha akamgeukia Anastasia. Kalamu ilikwisha inuliwa.

Hapo Andrea akainua kichwa. "Bwana, mimi nimtishe huyu?" alisema. "Mtazame. Ngedere wa shambani kwangu wana sura nzuri kumshinda. Mama yake alikufa akiwa amefumba macho, na mimi niliyemchimbia kaburi najua sababu. Alikuwa amechoka kumtazama."

Watu wakashika vinywa. Kumtaja marehemu wa mtu, na matanga yamekwisha juzi tu, kwa mtu mwingine yeyote ni kutafuta kupigana. Huyu, tena, ndiye mtu aliyemshitaki jogoo. Mikidadi alikunja uso, midomo ikamcheza, na kisha akacheka. Alicheka akashika meza ya bwana shauri asianguke, akacheka huku analia, kwa sababu tangu mama yake azikwe hakuwa amelia. Andrea naye akaanza, na kamba zake mikononi. Wanawake mlangoni wakafuata. Yule askari Mnyamwezi alijitahidi sana kusimama wima akashindwa.

Alipoulizwa anacheka nini, askari akajibu kwamba hata kwao Unyamwezini desturi hiyo ipo, na kwamba kama mtu asiyekuwa mtani wake angemtukania marehemu hivyo, sasa hivi damu ingekuwa imemwagika hapo sakafuni.

Bwana shauri hakucheka, lakini kalamu aliiweka chini. Akaamuru Andrea afunguliwe. Mikidadi, kwa kusema uongo na kuwasumbua wenye kazi, akahukumiwa mwezi mmoja wa kazi ya barabara. Mbuzi arudishwe milimani upesi, maana wakati shauri likiendelea alikuwa amekwisha kula miche yote ya maua mbele ya Boma. Mikidadi aliinama, akasema ahsante, na wanaosimulia wanasema alikuwa anamaanisha.

Mwezi ule haukuwa wa mchezo. Mnyororo ni mnyororo, na jua la bondeni si la mlimani. Lakini kila alipopata nafasi Andrea aliteremka na kikapu, akakaa kando ya barabara, akamkosoa mtani wake namna anavyoshika sururu na kumwuliza kama angependa kumshitaki yule nyapara. Asichokisema ni kwamba siku nyingine zote alikuwa shambani kwa Mikidadi pamoja na Mwaisha, wakipalilia na kuwafukuza nguruwe. Hilo Mikidadi alilikuta mwenyewe aliporudi, akasimama kwenye matuta yaliyo safi, kisha akaenda kuvua kanzu na kuikunja. Wazazi wa yule kijana waliposikia jinsi alivyosema kweli Boma, wakaja wenyewe kuuliza habari za Shamsia.

Siku chache baada ya kurudi kwake, asubuhi, Mwaisha alitoka uani akakuta kigingi hakina mbuzi. Kamba ilikuwa imekatwa, na mahali pake limewekwa ganda moja la ndizi. Alisimama pale na ndoo yake, hajui amwambie nini mumewe. Mikidadi akatoka, akaangalia kigingi, akaangalia ganda la ndizi. Akarudi ndani akachukua fimbo.

"Baba Shamsia, unakwenda wapi?" Mwaisha aliuliza, akiiweka ndoo chini.

Mikidadi aliinama chini ya ghala, akamkamata kuku mmoja mnono, akamtia kwapani.

"Kwa Andrea," alisema. "Nakwenda kumkomboa mbuzi wangu."

MAFUNZO

Mahakama ni kitu chema, na mtu aliyedhulumiwa aende bila kuogopa. Salehe alikana kweli, na Mikidadi alipewa haki yake. Lakini usipeleke mbele ya sheria jambo ambalo lingemalizwa kwa kuku mmoja na kicheko, kwa kuwa hasira yako utaipoza mwenyewe, na sheria ukishaiamsha huipozi wewe. Na wewe unayependa kusikilizwa, kaa kwanza usikilizane na wa nyumbani kwako. Tena ukigundua umemsingizia mtu, sema mapema, hata kama mnyororo utakuwa wako. Mwezi mmoja barabarani unakwisha. Kukosa mtu wa kukuchimbia kaburi hakukwishi.