Mshipi wa Getini

Jumamosi nyumbani kwetu Chaani ni siku ya kufua, na kwa kufua mimi nina sifa mtaa mzima. Mama hunitania kwamba nikiachiwa mkaa nitaufua mpaka uwe mweupe. Naamka, nachota maji, natenga nguo nyeupe na za rangi, kisha nakaa kwenye kigoda uani mpaka vidole vinakunjamana. Sabuni peke yake hainitoshi. Kuna mtu apitaye na baiskeli akiuza dawa ya madoa katika chupa za soda zilizokwisha tumika. Ni maji makali yenye kuwasha pua, na doa likinikaidi hukimbilia hayo.

Kitu kilichonipa kazi kuliko vyote hakikuwa nguo. Kilikuwa mshipi wa baba. Ni mikanda mipana ya rangi ya chungwa, inayopita mabegani, kifuani na mapajani, na nyuma yake ina kamba nene yenye kulabu ya chuma. Mtu anayefanya kazi juu ya paa huuvaa, akaitia kulabu kwenye chuma kilicho imara, ili akiteleza abaki akining'inia badala ya kufika chini. Kila Jumamosi baba aliurudisha ukiwa na kutu, grisi na vumbi. Kila Jumamosi niliuloweka ndani ya ndoo ya dawa, ukalala humo mpaka asubuhi, kisha nikauanika juani.

Baba yangu, Ngala, alikuwa mgema tangu ujana wake. Minazi aliyokuwa akigema ilipokatwa kupisha nyumba, alikwenda kutafuta kibarua kwenye godauni moja kubwa hapa Changamwe, lililokuwa likibadilishwa mabati ya paa. Nyapara wa pale, Bwana Kyalo, alipenda wagema kwa sababu hawaogopi kupanda. Ila alikuwa na sharti moja: asiye na mshipi wake mwenyewe haingii.

Kila asubuhi wanaume walijipanga getini wakiwa wameinua mishipi juu, naye akachagua kwa kidole. Wa baba uling'aa kuliko yote. "Oneni mshipi wa Ngala," alisema siku moja mbele ya wote. "Huu ndio mshipi." Baba alipotusimulia, nilifurahi nusura nipae. Jumamosi iliyofuata nikaongeza dawa.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuutunza. Chumbani kwetu, karibu na mlango ili apate hewa, hulala baba mdogo Nzai, ndugu yake baba. Miaka miwili iliyopita alikanyaga bati la plastiki, lile linalopitisha mwanga, kwenye paa la karakana fulani. Bati likavunjika, naye hakuwa na mshipi. Kutoka kiunoni kwenda chini mwili wake hauna habari naye. Waliomwajiri walileta blanketi moja na unga hospitalini, wakasema alipaswa kujinunulia mshipi, hatukuwaona tena. Ndiyo maana baba alikwenda sokoni Kongowea akatafuta mshipi wa mtumba kabla hajakubali kupanda popote.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, nilikuwa nikianika blanketi la baba mdogo. Kamba yetu ya kuanikia ni ya nailoni. Ilikuwa imeanza kuchafua mashati, kwa hiyo kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiifungua na kuiloweka pamoja na mshipi, ndani ya ndoo ileile. Nilipolitundika blanketi, kamba ikakatika katikati. Nguo zote zikaanguka mchangani.

Nilikasirika, kwa sababu ilinibidi kufua upya. Lakini niliposhika ncha ya kamba, hasira ikaniisha. Nyuzi zilisagika vidoleni mwangu kama maganda makavu ya kitunguu. Kamba ilikuwa nyeupe, safi, na ndani haikuwa na kitu; dawa ilikuwa imeila.

Nikaugeukia mshipi wa baba uliokuwa umeanikwa ukutani. Nilikwangua kwa ukucha mahali mikanda inaposhonwa pamoja. Uzi mmoja ukatoka. Nikakwangua tena, ukatoka mwingine, bila hata kuvutwa kwa nguvu. Kwa nje mshipi uling'aa kama mpya.

"Kamba imekuwaje?" Mama aliniuliza akitokea jikoni.

"Imezeeka tu, mama."

Sijui jibu lile lilitoka wapi, ila lilitoka haraka. Mshipi ule ndio uliokuwa ukimwingiza baba getini. Ningesema umeharibika, kesho asingechaguliwa, na nyumbani hatukuwa na kazi nyingine isipokuwa mahamri ya mama. Nilijiambia kwamba mikanda ni minene, haiwezi kuwa kama kamba ya nguo. Nilijiambia kwamba baba hajawahi kuanguka hata mnazini. Jioni ile baba alikunja mshipi wake, akautia begani na kunipiga piga kichwani. "Ahsante, mwanangu. Kesho Kyalo ataniita wa kwanza." Nikashindwa hata kumtazama.

Jumatatu asubuhi baba na mama walikuwa wamekwisha toka. Mimi ndiye humpa baba mdogo chai na kumgeuza ubavu kabla ya kwenda shule. Nilipomshika mguu kuuhamisha, ule mguu mwembamba usiohisi mkono wangu, nikaanza kulia. Nikamwambia yote: ndoo, dawa, kamba, uzi uliotoka kwa ukucha, na uongo niliomwambia mama.

Hakunigombeza. Alichukua simu yake akapiga. Ikaita mpaka ikakatika.

"Simu zao huachwa getini," akasema. "Mwanangu Linda, usiende shule. Nenda kwa babako, na usisimame njiani kusalimia mtu."

Nilikimbia na sare yangu ya shule mpaka kifua kikaniwaka. Getini alikuwepo mlinzi, Mzee Matano, mtu mpole mwenye kofia ya vito, ameketi kando ya kikapu kilichojaa simu. Nje ya geti walikuwa wamekaa wanaume waliokosa kuchaguliwa, wakingoja pengine mtu augue.

"Shikamoo, babu. Namtaka baba yangu, Ngala. Mshipi wake umeharibika. Mimi ndiye niliyeuharibu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tuliza pumzi kwanza." Alinitazama usoni, akaona sitanii. "Wallahi yuko juu kabisa. Hebu ningoje."

Alikwenda akarudi na Bwana Kyalo, aliyekuwa amevaa helmeti safi na amekunja uso. "Kazi isimame kwa sababu ya mtoto?" aliuliza. "Huo mshipi nimeuona kwa macho yangu leo. Ndio mzuri kuliko yote hapa."

"Ni mzuri kwa nje, bwana," nikasema. "Ukiukwangua unafumuka."

Nadhani ni wanaume wa getini waliomfanya aite. Walikuwa wamesimama wote, wanasikiliza. Akapiga filimbi na kumpungia baba mkono ashuke. Nilimwona baba akiteremka ngazi za jukwaa taratibu, mshipi wa rangi ya chungwa umemkaa kifuani vizuri, na kila hatua niliyomwona akipiga nilitamani awe ameshafika chini.

Alipofika ilinibidi kusema tena, mbele ya watu wote, na mara hii ilikuwa ngumu kuliko mara mbili za kwanza. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauvua mshipi, akaenda kwenye rundo la mchanga na kujaza magunia mawili. Akayafunga pamoja yawe na uzito wa mtu mzima, akayavisha mshipi. Wenzake waliokuwa wameshuka kutazama wakamsaidia kuyapandisha kwenye jukwaa la kwanza. Wakaitia kulabu kwenye nguzo, wakayasukuma.

Kulikuwa na sauti moja tu, ya kitu kinachochanika. Magunia yakaanguka chini yakapasuka, mchanga ukanirukia miguuni. Juu kwenye nguzo ilibaki kulabu na kipande cha kamba kikipepea.

Baba alikuwa akiutazama ule mchanga, na mimi nikimtazama yeye.

"Na yenu," baba akawaambia wenzake hatimaye, sauti yake ikiwa chini. "Yote ni ya mtumba. Hatujui ilikotoka wala iliyopitia. Tuijaribu yote leo."

Wale wanaume waliangalia mishipi yao. Niliona mmoja akiukumbatia wake kwa mikono miwili. Nilielewa, kwa sababu na mimi siku iliyotangulia nilikuwa nimefanya vivyo hivyo: mshipi ukichanika, kazi imekwisha. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, wakarudi kwenye ngazi. Hakuna aliyetoa wake.

"Bwana Kyalo," baba akasema, "mishipi mngetununulia nyinyi. Sisi tunapanda kwa kazi yenu."

"Nikinunua ya watu wote nani atanilipia? Ngala, wewe ni mtu mzuri, lakini huna mshipi. Nenda nyumbani." Akageukia geti na kunyoosha kidole. "Wewe pale, mwenye mshipi. Njoo." Nafasi ya baba ikajazwa kabla hatujafika barabarani.

Tulitembea kurudi nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, lakini baba alinishika mkono tu, kwa nguvu kuliko kawaida. Tulipofika mlangoni akasema, "Ungeniambia jana."

"Niliogopa utakosa kazi."

"Nimeikosa," akasema, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Baba alizunguka mageti yote ya Changamwe, na kila mahali aliulizwa mshipi kwanza. Tulikunywa chai ya rangi asubuhi, na mchana tukajifanya hatuna njaa. Usiku mama alisali kwa sauti ya chini. Sikuona mlango wowote ukifunguka.

Siku ya Alhamisi alikuja jirani yetu Lenox, mmoja wa wale wanaume waliokuwa wakingoja nje ya geti. Aliketi, akamsalimia baba mdogo, akautazama mshipi uliochanika uliokuwa umetundikwa msumarini.

"Ngala, niuzie huo," akasema. "Nitaushona kwa uzi wa viatu. Rangi bado ipo."

"Lenox, uliona magunia."

"Niliona. Lakini Kyalo hapimi chochote. Anaangalia getini tu. Huko juu nitashika kwa mikono, kama wengine. Nina watoto, ndugu yangu." Akatoa mfukoni noti zilizokunjwa na kuziweka mezani.

Mama alizitazama zile noti, kisha akaitazama sufuria. Mimi nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilitamani baba akubali. Nilitamani mshipi ule uondoke machoni pangu na kurudi kama unga.

Baba akanigeukia. "Linda, wewe ndiye unayeujua. Mweleze."

Nilikwenda msumarini, nikautoa mshipi, nikampelekea Lenox. Nikauvuta ukanda wa begani, ule uliokuwa bado mzima, ukafumuka mbele yake kwa nguvu za mikono yangu tu. "Mjomba," nikasema, "hata ukiushona, uzi hautakuwa na cha kushika. Mimi nilidhani nausafisha."

Baba alichukua kisu cha jikoni, akaanza kuukata vipande vipande. Kamba, mikanda, kila kitu. Lenox alitazama mpaka alipoona hakijabaki kipande cha kuvalika. Akachukua pesa zake bila kuaga. Mlangoni akasema, "Umenizibia riziki." Baba akaendelea kukata.

Wiki iliyofuata baba alipata kazi ya kuvunja mawe kule Mwakirunge. Ni mbali, malipo ni haba, na jioni hurudi mweupe kwa vumbi huku akikohoa, lakini anafanya kazi akiwa amesimama ardhini. Tunakula mlo mmoja na nusu. Hayo ndiyo maisha tuliyoyapata.

Jumatatu ya wiki hiyo, nikienda shule, nilipita makusudi mbele ya godauni. Wanaume walikuwa wamejipanga, wameinua mishipi. Lenox alikuwa wa nne. Aliinua kitu cha buluu, kimeshonwa kwa mikanda ya mabegi, kikafanana na mshipi kwa mbali. Bwana Kyalo akanyoosha kidole, Lenox akaingia. Mzee Matano aliniona, akainamisha kichwa na kuendelea kupanga simu kikapuni.

Nilirudi nyumbani mchana na moyo mzito, nikamsimulia baba mdogo. "Basi nilisema ukweli wa nini?" nikamwuliza. "Baba amekosa kazi, na Lenox amepanda vilevile."

Baba mdogo akaniashiria nikae karibu na godoro lake.

"Siku niliyoanguka mimi," akasema, "kulikuwa na mtu chini aliyejua kwamba lile bati lilikuwa la plastiki na limeoza. Aliyasema hayo nikiwa nimekwisha lala sakafuni. Alisema kwa uchungu kweli, alilia, na ukweli wake haukunifaa kitu. Wako ulichelewa siku moja, Linda, lakini ulimkuta babako bado ana miguu. Yule anayempandisha mtu juu ndiye anayepaswa kumpa kitu cha kumshika, na akiangalie kwa kweli, kisiwe cha kuonyeshwa getini. Hilo wewe huwezi kulirekebisha leo. Unachoweza ni hiki: ukijua kitu kimeharibika, sema kabla mtu hajapanda, hata kama uliyekiharibu ni wewe, na hata kama mtalala na njaa."

Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba nimgeuze, kwa maana alikuwa amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi, na peke yake hawezi.