Ng'ombe Wasiotazamwa

Jua la siku hiyo lilikuwa kali hivi kwamba sokoni Somanda karanga zilijikaanga zenyewe kwenye ungo. Asiyeamini hakuwepo. Hapo ndipo soli ya Luhende, mwanachuo aliyekulia Dar, ilipobanduka mbele ya meza ya vitenge ya Eufrasia.

"Pole, kaka. Kiatu chako kimekuchoka."

Luhende akacheka, akaomba maji ya kunywa, kisha namba ya simu. Jioni akapiga. Sauti yake ilikuwa laini, lakini kila "mpenzi" ilifuatwa na swali: kwenu Sapiwi kuna ng'ombe wangapi? Wote ni wa baba? Huku kwetu ng'ombe wa mtu hawaulizwi idadi wala hawakodolewi macho. Mashimba, kaka yake Eufrasia, akasema huyo ni jasusi wa wezi wa mifugo. Eufrasia naye akahisi anayependwa ni zizi. Akaacha kupokea simu.

Luhende akamfuata mezani, shati limepigwa pasi upande mmoja. Akajieleza: anasomea anthropolojia, na wakubwa wa fani hiyo wameshagawia kila mahali nadharia yake. Kule utaandika uchawi, kwingine koo, Usukuma ng'ombe. Ukiandika kingine, msimamizi hasomi.

"Na mimi ni mtu, au ni mahali?"

Luhende akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Ukipata jibu, njoo kwa baba Jumapili. Macho yako yawe na adabu."

Jumapili mzee Malimi, baba yake Eufrasia, alimkalisha kwenye kigoda kifupi, mgongo ukielekea zizini, akaanza yeye kuuliza. Ni kweli watu wa Dar hawajui jina la jirani? Ni kweli wakihama nyumba wanang'oa hata balbu?

"Hapana, baba, sisi kwetu..."

"Tulia, ng'wanone, mwanangu. Mambo ya Dar nayajua."

Ng'ombe wakarudi malishoni, kundi la kutikisa vikombe hadi kijiji cha Shishiyu. Mashimba alimkodolea macho. Luhende hakugeuka kuwatazama.

Eufrasia akamsindikiza, kitenge chake cha bluu kikipepea.

"Leo nimegeuzwa Dar es Salaam nzima," Luhende alisema. "Sikupenda. Wewe ni mtu, Eufrasia. Nisamehe."

"Basi niulize kitu."

"Ulipoacha kupokea simu, ulikuwa unalala?"

Eufrasia akasimama. Hilo lilikuwa swali la kwanza juu yake.

"Silali."

"Nikuoe?"

"Kamwambie baba. Nakusubiri hapa."

Luhende akarudi mbio, soli ikipiga makofi. Mashimba alipomwona anakimbilia nyumbani, akaenda kwanza kuhesabu ng'ombe.