Chupa Iliyokuwa Mfukoni mwa Korga

Kila Jumamosi Signe alikuwa na kazi moja kabla ya raha yake, nayo ni kuondoa theluji mbele ya mlango wa nyumba yao. Akimaliza tu, huyoo, mbio mpaka maktaba, dadu zikigongana mfukoni. Katika chumba cha chini viatu vilivyolowa vilikaushwa kando ya kipasha joto, na mezani palikuwa na bakuli la jibini changa, ile inayolia kwii kwenye meno ukiitafuna.

Wachezaji walikuwa Signe, Roz rafiki yake wa kufa na kuzikana, na Tad aliyependa kula kuliko kucheza. Bi Kowalke, mkutubi, ndiye aliyesimamia mchezo. Yeye alisimulia mapango na mazimwi, wao wakasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu ikaamua kama wamefaulu. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya mhusika wake. Kwenye ya Roz, mbele ya neno "Tabia", paliandikwa: mwema, hushika sheria. Huyo alikuwa Aldis, askari wa upanga, ambaye Roz alimchora na kumpaka rangi majira yote ya baridi. Kwenye ya Signe paliandikwa: mwovu, hajali sheria. Huyo alikuwa Korga, mwizi.

Siku hiyo walikuwa wakikimbia zimwi la moto. Mhusika wa Tad na Aldis walishavuka daraja la mbao, Korga akiwa bado nyuma, ndipo zimwi likalichoma daraja na kumwangusha Aldis, akawa mahututi.

"Nina dawa ya kuponya!" Roz alisema upesi. "Tad, fungua mkoba wangu, ninyweshe."

Bi Kowalke akatikisa kichwa. "Mkoba ni mtupu."

"Mtupu? Kwa vipi?"

Signe alicheka mpaka akapaliwa na jibini. Jumamosi iliyopita alimpa Bi Kowalke kikaratasi kilichokunjwa, kama ilivyo desturi ya meza ile mtu akitaka kufanya jambo kwa siri. Humo aliandika kwamba Korga anaiba chupa ya dawa ya Aldis akiwa amelala.

"Ninayo mimi!" alisema.

"Mwizi mkubwa wewe!" Tad aliangua kicheko, kisha akauona uso wa Roz, akakikatiza.

"Usiku ule nilikulindia zamu yako," Roz alisema. "Ndiyo maana nilikuwa hoi kwa usingizi."

"Ala! Si mimi, ni Korga. Soma hapa: mwovu. Ndivyo alivyo, mimi nifanyeje?"

Roz alirusha dadu kuona kama Aldis atapona bila dawa, ikaja vibaya.

"Ikija vibaya tena, Aldis amekufa," Bi Kowalke alisema kwa upole.

Roz akaanza kurudisha penseli zake za rangi kwenye mfuko. "Akifa, msinisubiri tena Jumamosi."

Uso wa Signe uliwaka kwa aibu. Jumamosi bila Roz! "Bi Kowalke, tafadhali, turudi nyuma. Tufanye kama sikuiba."

"Hapana. Kwenye meza hii lililotendeka limetendeka. Hilo neno 'mwovu', aliliandika nani?"

"Mimi."

"Na kile kikaratasi?"

Signe aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Basi, mwanangu, sasa unafanya nini?"

Signe alivuta pumzi, akaketi wima. "Korga anavuka daraja."

"Wee!" Tad aliruka. "Linawaka moto! Atakufa, nawe umecheza na Korga tangu darasa la tano!"

"Najua. Anavuka."

Alizoea kurusha dadu nyuma ya kiganja chake. Safari hii aliirusha katikati ya meza, kila mtu aione.

"Amefika," Bi Kowalke alisema, "lakini ameungua vibaya mno. Zimwi linamjia. Dawa inamtosha mtu mmoja tu."

"Anywe Aldis."

"Una hakika?"

"Anywe Aldis!" Kisha Signe akamgeukia rafiki yake, machozi yakimlengalenga. "Roz, nisamehe. Si Korga aliyekuibia. Ni mimi."

Roz akaichukua dadu. "Aldis anainuka. Anasimama mbele ya Korga na ngao yake." Akarusha. Tad alipiga yowe lililosikika mpaka juu kwenye rafu za vitabu, maana dadu ilileta namba kubwa kuliko zote, na zimwi likakimbia.

Signe alishika kifutio, akaanza kufuta lile neno. Bi Kowalke akamzuia mkono.

"Usiwe na haraka. Neno hilo si amri inayokutuma, ni habari ya uliyokwisha kutenda. Leo umeanza vizuri, ila mwema hafanywi na siku moja. Na ukumbuke, Korga hana mikono yake mwenyewe. Anaazima yako. Akiiba, ni wewe umemkopesha mkono, na rafiki anayeumia ana moyo wa kweli."

"Nimeelewa, Bi," alisema Signe, akakiweka kifutio mezani.

Roz alikuwa akizitoa tena penseli zake. "Kambi ya usiku huu," alisema bila kuinua macho, "zamu ya kulinda ni ya nani?"

"Yangu," Signe alijibu. "Na yako pia nitakulindia. Wewe lala."