Ukimya wa Saa Kumi Alasiri

Haya yalimpata shangazi yangu Roswitha, pale Zittau, mchana kweupe, na mimi fundi redio nikiwepo.

Redio yake ni ya zamani, ya taa za kioo, na FM yake inaishia namba mia moja. Stesheni anayoipenda iko pale pale mwishoni. Kwa miaka hamsini, kila saa kumi alasiri, stesheni hiyo ilinyamaza ghafla, bila hata mkwaruzo. Ni kwamba jirani yake Gerlinde alikuwa amewasha redio yake, ya aina hiyo hiyo, upande wa pili wa ukuta. Redio hizi zina ukorofi huo: moja ikiwaka, hurusha wimbi lake na kuinyamazisha ya jirani. Shangazi aligonga ukuta kwa ufagio, Gerlinde akasogeza mshale kidogo, muziki ukarudi. Salamu zao zilikuwa hizo tu.

Gerlinde tulimzika Februari. Redio yake niliinunua mimi, nikaing'oa taa zote, isiweze kuwaka tena. Nyumba yake ikabaki tupu, imefungwa. Mwezi wa Mei shangazi akaanza kusema ukimya umerudi. Mwanawe Volkmar, msimamizi wa jengo, akaleta fomu za nyumba ya wazee.

"Mama akili zimeanza kumruka," aliniambia. "Njoo usikilize. Ukisikia na wewe, nazichana."

Tukaketi watatu na kahawa.

"Kula keki, Volkmar," shangazi alisema. "Huko unakonipeleka hawapiki hivi."

Saa kumi. Muziki ukakatika. Jicho la kijani la redio, lile linalofumba wimbi likiwa na nguvu, likafumba kabisa. Kitu kilikuwa kinarusha. Karibu sana.

"Haya," shangazi alinong'ona. "Nani kichaa?"

Akagonga ukuta mara moja. Muziki ukarudi. Volkmar, uso umemshuka, akazishika fomu azichane.

Ukuta ukagongwa. Kutoka kule. Mara tatu, polepole.

"Hajawahi kunijibu," shangazi alisema. "Miaka yote hamsini."

Nilichukua kwa Volkmar ufunguo wa nyumba ya Gerlinde, nikaenda. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya mguu wowote. Ukutani, usawa wa mtu aliyeketi, palikuwa na mashimo matatu mapya. Plasta ilikuwa bado inadondoka.

Niliporudi shangazi aliniuliza, "Umeona nini?"

"Hakuna kitu, shangazi."

Akaviangalia viatu vyangu, vimejaa unga mweupe. Kisha akamnyang'anya Volkmar zile fomu, akaomba kalamu.